Mhunzi wa Ugweno aliyepitia Burma

Kila mgeni aliyefika kwa babu alitaka kusikia habari za Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Walimu wa sekondari walimletea wanafunzi. Mchungaji alimtaja kanisani. Wakati fulani vijana wenye kamera walipanda kutoka Mwanga mjini, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya migomba, wakamwomba aeleze alivyopigana na Mjapani. Babu aliwaeleza. Alikuwa mtu wa adabu, na kwetu mgeni hanyimwi alichokifuata. Ila hatua chache nyuma ya kamera kulikuwa na kibanda chake cha uhunzi, moshi bado unatoka, na hakuna aliyegeuza hata shingo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimchukua miaka minne. Nyundo aliishika zaidi ya sitini. Kama kuna jambo linaniuma kuhusu namna tunavyowaenzi wazee hawa, ni hilo: tunawakumbuka kwa kazi waliyopewa na Mfalme wa Uingereza, na kazi waliyoichagua wenyewe tunaipita kama kichaka cha njiani.

Alizaliwa Ugweno, Upare Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika ukoo wa Washana. Kina Mshana wamejaa kila ofisi Dar es Salaam siku hizi, na wengi wao ukiwauliza watakuambia ni jina la ukoo tu. Ni ukoo wa wahunzi. Wazee walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo, na chuma kile kikashuka mlimani kuuzwa. Wachagga walikinunua wakatengenezea mikuki. (Watani zangu wa Moshi mkisoma hapa msinune, hesabu ni hesabu.) Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Laana yake ilisemekana haina dawa, na hata babu, muumini wa Kilutheri aliyejua nyimbo zote za kitabuni, hakukubali mtu aruke nyundo yake ikiwa chini. Unazunguka.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuyeyusha mchanga. Alipoanza kupata akili, chuma cha Ulaya kilikuwa kimeshazima tanuri za mlimani. Reli ya Tanga hadi Moshi ilipita tambarare huko chini tangu enzi za Mjerumani, ikiwa na mataruma ya chuma, na majembe ya kiwandani yaliuzwa madukani kwa Wahindi. Kilichobaki kwa Washana ni kufua: kuchukua chuma kilichokwisha kazi yake ya kwanza na kukipa kazi ya pili. Baba yake alimfundisha akiwa mtoto wa kuvuta mivukuto, ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi inayopokezana pumzi ili moto usikate.

Halafu ikaja 1942. Wajapani waliitwaa Singapore mwezi Februari na Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati ule, mwezi Machi. Walikuwa wameshaingia Ufilipino na Java, nchi zilizokuwa zikiwalisha Waingereza na Wamarekani katani ya kamba, hivyo ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu. Machifu waliagizwa kutoa vijana, wengine wa jeshi, wengine wa mashamba. Babu alikuwa ameyaona mashamba ya mkonge pale Kisangara. Alituambia hesabu yake ilikuwa fupi: kuchomwa na miiba kwa amri, au kuvaa sare kwa amri. Akaingia Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nimeona watu wakiandika kwamba vijana wale "walijitolea kulinda uhuru". Sikumsikia babu akitumia neno hilo hata mara moja.

Walipomuuliza kazi yake akasema mhunzi, na hilo likampeleka kwa wahandisi wa jeshi la Afrika Mashariki. Alifunzwa, akasafirishwa kwa meli kutoka Mombasa hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikinolewa kwa vita vya msituni. Wakiwa huko zikawafikia habari za meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, zaidi ya nusu yao wakiwa wa kikosi kimoja cha mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari za Waingereza zilizokuwa zikiisindikiza zilirusha mabomu ya kuiwinda ile nyambizi huku manusura bado wanaogelea. Babu alikuwa na rafiki humo, kijana waliyekuwa naye kambini Kenya. Ukitaja meli mbele yake hata uzeeni, hata ya kwenda Unguja, alibadilisha mazungumzo.

Burma yenyewe aliisimulia kama tope. Divisheni yake ilipokea kazi ya kuwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, wakati ambao majeshi yenye akili hukaa kambini. Njia zilikuwa zimegeuka uji. Wahandisi walikata magogo na kuyalaza kwa ubavu, moja baada ya jingine, maili kwa maili, ili malori yapite. Mvua ikiyasomba wanaanza upya. Chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli. Malaria na homa ya utitiri wa majanini viliangusha watu kuliko risasi, na kila mtu alilazimishwa kumeza mepakrini, vidonge vya kuzuia malaria vilivyogeuza ngozi na macho kuwa ya manjano. Bunduki alikuwa nayo. Alichokishika zaidi ni msumeno, sururu na nyundo. Kuhusu kuua, wanafunzi walimuuliza kila mara, na kila mara alijibu, "Mimi nilikuwa fundi," akanyamaza.

Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kwenye kingo za mto Chindwin, na siku chache baadaye likatandikwa pale daraja la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, karibu mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Hapo ndipo macho ya babu yalikuwa yakiwaka. Kwa kweli, ukitaka kumsikia akieleza Burma kwa raha, ungemuuliza juu ya daraja. Alieleza namna fremu moja ya chuma ilivyokuwa na urefu wa futi kumi, ikibebwa na watu sita, na namna yoyote kati yake ilivyoweza kukaa mahali pa nyingine yoyote. Unazisogeza, matundu yanakutana, unapiga pini, basi. Hakuna kufua, hakuna kupunguza kwa tupa, hakuna "hii ni ya kushoto". Kwa kijana aliyetoka mahali ambapo kila shoka lilikuwa na tundu lake na mpini wake, wa kuchongewa lenyewe, ule ulikuwa uchawi. Aliligusa kila pini alilolifikia.

Hapa ndipo ninapowalaumu wale vijana wa kamera. Wangeingia kibandani wangekuta, kwenye msumari juu ya ndoo ya maji, pete ya chuma yenye umbo la yai. Ni kipimo. Babu alikifua aliporudi, na kila shoka alilotengeneza baada ya hapo lilipita kwenye kile kipimo kabla halijatoka mlangoni, ili seremala yeyote wa Ugweno au Usangi aweze kuchonga mipini kwa wingi na kuiuza, na mwenye shoka ainunue bila kurudi kwa mhunzi. Alipoteza ada ya kufunga mipini kwa uamuzi huo. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na huyu alijikata kipato mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa mshangao. "Mjukuu wangu, mtu mpini umemvunjikia shambani Kifaru huko chini, apande mlima kwa ajili ya tundu?" Burma nzima ilikuwa kwenye ile pete, na ilikuwa ikining'inia pale miaka yote.

Wakati yeye akilaza magogo, kwao kulikuwa kunachemka. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyomkadiria mtu kwa mali yake, na wakakaa huko wakidai ifutwe. Babu mzaa babu alikuwa mmoja wao. Mwana anajenga barabara za Mfalme, baba amelala nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya wa Mfalme huyo huyo. Barua za askari zilisomwa na wakaguzi, hivyo habari hizo hazikumfikia. Aliporudi mwaka 1946 alikuta mgogoro bado unaendelea, wanawake nao wameingia, na baba yake akimtania kwamba vita vikali vilikuwa Same.

Alirudi na blanketi, koti zito, na fedha ambazo wakati ule aliziona nyingi. Hakujua kwamba mzungu wa cheo kama chake amelipwa zaidi. Hayo yalikuja kuandikwa magazetini mwaka 2019, nyaraka zilipoonyesha kwamba malipo ya kuagana na jeshi yalipangwa kwa rangi, mweupe akipata hadi mara tatu ya Mwafrika. Wenzake wa mjini waliokuwa Burma walirudi na siasa: ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwa Keya huko huko na baadaye wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU; kule Kenya, Waruhiu Itote aliyepigana Burma akawa Jenerali China wa Mau Mau. Babu alinunua kadi ya TANU, akahudhuria mikutano, akarudi kibandani. Zile fedha alizigeuza jiliwa ya kubania vyuma, seti ya tupa, na ng'ombe mmoja wa kuongezea mahari. Fuawe yake, chuma cha kufulia juu yake, ilikuwa kipande cha reli chenye urefu wa mkono. Kilivyopanda mlimani msiniulize, na yeye hakupenda kuulizwa.

Ufuaji wake nauona hadi leo, maana likizo za shule mimi ndiye niliyekuwa kwenye mivukuto. Jembe lilikuwa kazi ya nguvu. Mundu ulikuwa kazi ya macho. Alikata kipande cha springi ya lori, akakipasha, akakinyoosha, akakikunja taratibu kwenye pua ya fuawe, mapigo makubwa mawili na moja dogo la kupumzikia ambalo halikugusa chuma. Makali yakishatoka aliupasha tena, akachovya ncha ya makali tu majini, akautoa na kuusugua haraka kwa jiwe ili ung'ae. Kisha akasimama kimya. Joto lililobaki mgongoni mwa mundu lilianza kurudi kuelekea kwenye makali, na rangi zikatembea juu ya chuma: manjano hafifu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa mundu alitaka kahawia inayoanza kugeuka. Ukiwahi kuuzamisha, makali yanamegeka kwenye kisiki cha kwanza; ukichelewa, yanalegea na mwenye mundu atakutukana shambani. Hakuwa na kipima joto. Mchana wa jua kali aliteremsha gunia mlangoni ili rangi zionekane. Wakati huo hata mteja mwenye haraka alijua kufunga mdomo.

Mwisho, chuma kikishapoa, alipiga alama yake kwa patasi: mikato mitatu shingoni, wa katikati mfupi. Jembe la babu ungelijua Toloha au Kisiwani kwa mikato ile. Kama limevunjika kwa uzembe wake alilifua upya bure, na hakubishana, maana alama haidanganyi.

Ndiyo maana nyota yake ilimchekesha. Waingereza walimpa Nyota ya Burma, ya pembe sita, yenye taji na herufi za Mfalme George katikati, utepe wake wa bluu, chungwa na nyekundu. Aliihifadhi kwenye kopo la tumbaku pamoja na risiti za kodi. Siku alipoamua kunionyesha, kwanza aliipima kwa kiganja, akaigonga kwa ukucha karibu na sikio, akatoa hukumu ya kifundi: aloi ya shaba, imepigwa kwa mashine, pembe moja haikunolewa vizuri. Kisha akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Nyota zile kwa kawaida zilitolewa bila jina la mpokeaji, yoyote ni ya yeyote. "Ningekuwa mimi nimeitengeneza, ningeweka alama," alisema. Pale Dar es Salaam, Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ina maneno yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ile ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vya kabla yake. Nilimsomea maneno hayo uzeeni, akauliza nchi ipi.

Miaka ya 1970 ilimkalia vibaya. Kiwanda cha UFI pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilishusha majembe ya bei nafuu hadi vijijini, mazuri tu, alikiri mwenyewe. Alirudi kwenye vitu ambavyo kiwanda hakikuvitaka: miundu, tezo, kengele za ng'ombe, bawaba, ukarabati wa sufuria. Baba zangu wadogo waliukimbia moto mmoja mmoja, mwingine ualimu, mwingine bandari ya Tanga. Kisha miaka ya mwanzo ya 80 ikafika, ile ya kupanga foleni ya sabuni na ya kuoga bila sabuni, na madukani jembe halikuwepo. Watu wakapanda tena mlima. Bibi husema hawakuwahi kula vizuri kama kipindi ambacho nchi nzima ililia njaa, kwa sababu mteja asiye na fedha alileta mahindi na maharage, na makande hayakukauka jikoni. Hii haimo kwenye historia ya uchumi niliyofundishwa chuoni, na nadhani ingefaa iwemo: kwamba wakati wa uhaba ule sehemu ya kilimo cha nchi ilishikiliwa na wazee wenye mivukuto ambao mipango yote ilikuwa imeshawaandika kama mabaki.

Vita vya Kagera vilipozuka Oktoba 1978, baba mdogo mmoja alichukuliwa mgambo. Babu hakutoa hotuba. Alimnolea kisu, akamwambia akaushe miguu kila anapoweza. Idi Amin aliposikika redioni akijisifu, babu alicheka hadi akakohoa. Amin alipenda kudai kwamba alipigana Burma. Rekodi zinasema aliingia Keya mwaka 1946, tena jikoni. "Sisi tumerudi, yeye ndiyo anawasha moto wa ugali." Ni mara pekee niliyosikia akitumia vita vyake kumpiga mtu mwingine.

Uzeeni masikio yalikwenda kabla ya kitu kingine. Kila aliyemtembelea aliinama na kumpigia kelele, kisha akanigeukia kwa huruma: mizinga, eti? Haikuwa mizinga. Sikio lililokufa kwanza ni la kulia, lililokaa juu ya fuawe miaka sitini. Nilichoka kueleza, kwa sababu mtu akishakuja na mizinga yake kichwani haondoki bila mizinga. Alipofika karibu miaka 90 aliacha kufua, ila aliendelea kukaa kibandani akinyoosha misumari iliyopinda. Alifariki mwaka 2015. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu paundi milioni 12 kuwasaidia askari wake wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio maskini, ili wapate milo miwili kwa siku. Bibi alipoelezwa aliuliza kama fedha hizo zinahesabu na chakula cha miaka ya nyuma.

Msibani ulisomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi. Uliandikwa na binamu yangu mwenye Kiswahili kizuri kuliko wote. Burma ilichukua ukurasa mzima na robo. Uhunzi ulipata sentensi moja: "Pia alijishughulisha na ufundi wa mikono." Nilitazama umati ule uliosimama hadi kwenye migomba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemfahamu babu kwa sababu ya Burma. Walikuwa wateja. Kaburi lenyewe lilichimbwa kwa majembe na sururu zake, na mchimbaji mmoja alinionyesha mikato mitatu shingoni mwa jembe lake kabla hajarudi shimoni.

Vitu vyake viligawanywa baada ya arobaini. Nyota ilizua maneno, kwa sababu mjukuu mmoja alikuwa ameona mtandaoni kwamba zinauzwa na kuna wazungu wanazikusanya. Kikao cha ukoo kilikaa hadi taa zikawashwa, na mnajua sifa yetu Wapare linapokuja suala la kesi. Mwishowe ikabaki kwa baba mdogo mkubwa wao, kwa sharti kwamba haiuzwi. Fuawe, jiliwa na ile pete ya kipimo havikuwa na mgombea, hivyo alivichukua kijana wa jirani, si wa ukoo wetu kabisa, ambaye alikuwa akichomelea mageti Mwanga mjini. Sasa hivi anafua miundu kwa springi za Fuso, kwa makaa na feni ya umeme badala ya mivukuto. Alinipigia simu juzi akitaka ruhusa ya kutumia mikato mitatu. Nimemwambia aongeze wa nne.